Uzi Kwenye Sikio la Kengele

Msichana huyo nyumba nzima ilimwita Kengele, na hakuna mgeni aliyeuliza kwa nini baada ya kukaa naye dakika mbili. Akifua anaongea, akila anaongea, akikosa mtu anaongea na kioo. Ndiyo maana siku aliyorudi kutoka kazini saa nne asubuhi, akapita katikati ya cherehani tatu za duka la ushonaji la hapo nyumbani bila kusema hata neno, mama yake aliinua mguu kwenye kanyagio na sindano ikabaki imening'inia hewani.

"Wewe! Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Sasa hilo 'hakuna' la neno moja umelitoa wapi?"

Kengele akajitupa juu ya furushi la sare za shule zilizokuwa zinasubiri vifungo, akavua kitambaa cha kichwa. Nyuma ya sikio la kulia, kwenye ndewe, palikuwa na kinyama kigumu, cheusi, kinachong'aa, ukubwa wa harage. Nyumbani wote walikuwa wanakijua. Kilianza kama punje ya mtama, miezi michache baada ya kutobolewa tundu la pili la hereni. Na aliyelitoboa tundu hilo hakutoka mbali. Ni mama yake mwenyewe, kwa sindano ya mkono iliyochemshwa mpaka ikabadilika rangi.

Mama huyo mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo alilolishona yeye lilifumuka nguo yenyewe ikishachakaa. Masikio pia alikuwa anatoboa. Watoto wa kike wa nusu ya mtaa walipita mikononi mwake, wakalia kidogo, wakapewa peremende, wakaenda zao na uzi sikioni. Hakuna aliyewahi kurudi na malalamiko, ndiyo maana harage la mwanawe aliliona kama jambo la bahati mbaya tu, kama mtu kuteguka mguu mahali pasipo na shimo.

"Wamenitoa kwenye simu," alisema Kengele.

Hapo hata Mzee Overloki, aliyekuwa anaendesha ile mashine ya kufunga kingo za vitambaa na kwa kawaida hasimami mpaka umguse bega, alisimama.

Kengele alikuwa anapokea simu kwenye kampuni ya maji. Mtu akikosa maji siku tatu hupiga simu akiwa na matusi tayari mdomoni, na Kengele ndiye aliyekuwa anayapokea matusi hayo, anayapooza, mpaka mwenye matusi anaishia kuomba radhi na kumpa salamu za mama yake. Kazi ilimkaa kama gauni lililopimwa mwilini. Ila ilikuwa bado ya majaribio. Mwaka mmoja, na ilibaki miezi saba, na asiyekuwa kwenye simu siku majaribio yanaisha hakuwa anathibitishwa.

"Hedifoni inateleza, Mama. Ile ya sikio moja, tunavaa kulia wote, kwa sababu msimamizi anapita kushoto na anataka tumsikie akiongea. Leo imeniteleza mara tatu. Akaja, akainama, akaliangalia sikio kama anaangalia mende kwenye mchuzi. Akaenda kuleta spiriti, akaifuta hedifoni mbele ya watu wote. Halafu akasema niende chumba cha mafaili mpaka sikio langu liwe la kawaida."

"Chumba cha mafaili kina shida gani?" aliuliza Mzee Overloki. "Mafaili hayatukani, mwanangu."

"Ndiyo ubaya wake, mzee. Hayasemi chochote!"

Walicheka, na Kengele mwenyewe akacheka, na mama yake akacheka pia. Lakini mkono wa mama ulikuwa umeshaanza kufungua kopo la nyuzi.

Mtu mwingine angekosea uzi. Mama Pindo hakukosea uzi, alikosea kila kitu kingine.

Alivuta uzi wa pamba, akaurudisha, kwa sababu pamba ikilowa inalegea. Akavuta wa hariri, akaurudisha, unateleza. Akachukua nailoni nyembamba ya kushonea mikoba, ile ambayo ukiivuta inakukata kidole kabla haijakatika yenyewe. Hesabu yake ilikuwa fupi. Kinyama kina shingo. Kikifungwa shingo hakipati damu. Kisipopata damu kinakauka, kikikauka kinadondoka. Chunjua aliwahi kuzifunga hivyo, zikadondoka. Hakuona tofauti.

"Itauma?" aliuliza Kengele.

"Kidogo."

"Kidogo ya mtu au kidogo ya fundi? Maana fundi akisema bado kidogo, nguo inakuja baada ya wiki mbili."

"Tulia huko."

Ikauma kidogo ya fundi. Kila asubuhi mama alikaza fundo, na kila asubuhi Kengele alishika ukingo wa meza ya kukatia vitambaa, akaimba wimbo wa shule kwa sauti ya juu ili asipige kelele za kawaida. Usiku alilala ameketi. Siku ya tano sikio likaanza kunuka, mama akaliosha kwa maji ya chumvi. Bibi Vifungo, mwanamke mpole aliyeshona vifungo vya duka hilo kwa miaka kumi na moja bila kimoja kudondoka, alisema taratibu, bila kuinua macho, "Mama Pindo, mimi ningempeleka hospitali." Mama Pindo akamjibu kwamba hospitali watamwambia asubiri, na yeye hana mwanya wa kusubiri. Bibi Vifungo akaendelea na kifungo chake.

Baba wa nyumba alikuwa fundi rangi, mtu aliyerudi kila jioni na nyusi za rangi ya ukuta aliopaka siku hiyo. Jioni alipouona ule uzi, nyusi zilikuwa za kijani.

"Mmemfunga kamba mtoto? Mmeogopa atatoroka?"

"Baba, usinichekeshe, nikicheka panavuta."

Siku ya tisa kinyama kilidondoka. Kilidondokea kwenye sinia la Bibi Vifungo, katikati ya vifungo vyeusi vya makoti, na maskini yule alikuwa ameshakipitishia kidole akitafuta matundu manne ya kushonea. Mayowe aliyopiga yalileta majirani. Baba akakitia kinyama kwenye kiberiti kitupu, akakizika nyuma ya nyumba kwa koleo la kuchanganyia rangi, akatoa na hotuba: marehemu hakuwa na adabu, alikaa sikioni mwa watu mwaka mzima bila kulipa kodi.

Jumatatu Kengele alirudi kwenye simu. Habari ikazunguka mtaa. Wanawake wawili walikuja kwa Mama Pindo, mmoja na uvimbe wa shingoni, mmoja na wa kwapani, wakitaka nao wafungwe. Akawapangia siku, na kila ikifika akaisogeza mbele, kama anavyowafanyia wateja wa sare.

Furaha ya nyumba hiyo ilidumu miezi miwili na nusu.

Mwezi wa kwanza pale pa jeraha palikuwa na kovu laini la rangi ya waridi. Mwezi wa pili pakaanza kuwasha, na Kengele akawa anajikuna kwa mfuniko wa kalamu. Mwezi wa tatu kovu likainuka. Halikurudi harage. Lilirudi kama yai la njiwa, na halikurudi peke yake, lilitokeza nyuma ya ndewe na mbele yake, kama kifungo cha pande mbili. Kengele alilificha kwa kitambaa, kisha kwa kitambaa kikubwa zaidi, mpaka siku hedifoni iliporuka yenyewe ikaangukia mezani, na mteja wa watu akasikika akipiga kelele toka mezani: "Haloo! Haloo! Na simu nayo mmekata kama maji?"

Aliporudi nyumbani safari hii aliongea, ila bora angenyamaza.

"Msimamizi amenirudisha kwenye mafaili, Mama, na kiti amekipulizia dawa. Kiti! Kwani mimi nakalia sikio? Halafu anawaambia wenzangu wasitumie kikombe changu. Wenzangu niliowaletea maandazi wote wanaangalia dari."

"Hatujashindwa," alisema mama yake. "Safari ile fundo lilikuwa juu mno. Halikushika shina." Akanyoosha mkono kwenye rafu.

"Mama, usiguse hilo kopo."

Kengele hakuwahi kumkataza mama yake kitu.  Mama Pindo alibaki na mkono juu ya rafu, halafu akajifanya anapangusa vumbi.

Hospitali walifika mapema wakakaa kwenye benchi la mbao pamoja na watu wa kila aina ya ngozi: wenye mapunye, wenye mabaka, na bwana mmoja aliyevaa glavu kumbe anaficha kucha. Mama Pindo alikuwa amevaa gauni lake la kwenda kwa watu, lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Njiani alimwambia mwanawe jambo moja tu, na alilisema akiangalia pembeni.

"Wakiuliza la kwanza lilitokaje, sema lilidondoka lenyewe."

"Kwa nini?"

"Wataniona mjinga."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye umri unaolingana na wa mwana mkubwa wa kiume wa Mama Pindo, na viatu vya kukimbilia. Alishika ndewe kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepima unene wa kitambaa, na Mama Pindo akampenda hapo hapo.

"Limeanza lini?"

"Mwaka jana, baada ya kutoboa," alisema Kengele.

"Liliwahi kukatwa?"

Kengele akamwangalia mama yake. Mama akaangalia mzani wa kupimia uzito.

"Lilidondoka lenyewe, daktari. Halafu likaota tena."

Daktari akaacha kuandika.

"Lenyewe? Bila kukatwa, bila kufungwa, bila dawa?"

"Lenyewe."

"Hapo sasa umenitia wasiwasi. Mimi nilidhani ni keloidi, yaani kovu lililokataa kuacha kukua. Lakini kovu la namna hiyo halidondoki lenyewe, hata siku moja. Kama hili lilidondoka lenyewe basi huenda ni kitu kingine, na sitaki kubahatisha. Itabidi nikate kipande kipelekwe maabara." Akavuta karatasi nyingine. "Nisingependa kukata, maana kama ni keloidi, kila mkato ni kuliamsha. Ila kwa maelezo haya sina njia."

Kalamu ikaanza kutembea. Kengele alikuwa amenyamaza, amekunja mikono mapajani kama mtoto aliyeapa, na mama yake akaona kwamba atanyamaza hivyo hivyo mpaka kisu kifike. Atakatwa tena, kwa sababu ameambiwa asimwaibishe mama yake.

"Ni mimi," alisema Mama Pindo.

"Ni wewe nini, mama?"

"Nililifunga. Kwa nailoni ya mikoba. Siku tisa." Alipoanza hakuweza kusimama. "Na kutoboa nilitoboa mimi. Mtoto hajakosa kitu, mimi ndiye niliyemwambia aseme lenyewe. Usimkate, mwanangu. Kama ni kuandika, andika mimi."

Daktari hakucheka wala hakugomba. Alichana ile karatasi, akaitupa, na mlio wa karatasi ile kuchanika Mama Pindo aliukumbuka kwa muda mrefu.

"Umenisaidia sana," alisema. "Wengi hapa wananidanganya mpaka nakata pasipotakiwa. Sasa niambie, kwenu kuna mwingine mwenye makovu yanayoinuka?"

"Hakuna," alisema Mama Pindo.

"Mama! Na lako la bega?"

"Lile ni la chanjo."

"Naomba nilione," alisema daktari.

Hakuna aliyewahi kuliona ila mumewe na watoto wake, na magauni yote aliyojishonea maishani yalikuwa na mikono inayofika kiwiko. Alivua bega. Palikuwa na kovu nene, limetanuka kama mguu wa kaa, mara tano ya ukubwa wa chanjo ya mtu mwingine.

"Lilikuwa hivi toka utotoni," alijitetea. "Nilidhani mimi nilichanjwa na mtu mwenye hasira." Kisha akageuza kiganja chake. "Lakini mbona hapa, daktari? Hapa pasi iliniunguza, ya mkaa, ngozi ikabanduka yote. Tazama. Pamelala kama hapakutokea kitu. Ngozi si yangu ile ile?"

"Hilo ndilo swali," alisema daktari, akavuta kiti karibu. "Wewe ni fundi cherehani?"

"Nina mafundi wawili."

"Wanashona sawasawa?"

Kengele akaguna. "Sawasawa? Mmoja ukimpa leso anaizungushia kingo mara tano. Usipomgusa bega anaendelea mpaka leso inaisha. Mwingine anashona kifungo, anafunga fundo, anakata uzi, anakwenda kunywa chai."

"Basi ndani ya mwili nako kuna mafundi. Ukijikata ndio wanaokuja kushona. Ni seli, zinaitwa fibroblasti. Zamani hata sisi tulidhani ni fundi mmoja tu yuko kila mahali. Sio. Wa kiganjani ni wengine, wa usoni ni wengine, wa kifuani, begani na kwenye ndewe ni wengine, na hata mahali pamoja hawafanani. Wapo wanaofuma nyuzi, wapo wanaovuta jeraha lifunge, wapo wanaowaita wengine kazini. Kwenu nyinyi, wa kiganjani wanamaliza wanakata uzi. Wa begani na wa masikioni wanapoitwa hawajui kuacha."

"Akina Mzee Overloki," alisema Mama Pindo polepole.

"Sasa wewe ulipofunga ile nailoni, ulifanya nini?"

 Miguu ya Mama Pindo ilikuwa inakanyaga sakafu kidogo kidogo, kama iko kwenye kanyagio.

"Nilimletea Mzee Overloki furushi jipya," alisema. "Nikamwambia shona."

Daktari aliwaeleza kwamba mafundi hao hao, wakizidisha kazi kwingine, wanaleta maradhi mengine: kuna mapafu yanayofumwa mpaka hewa inakosa nafasi, kuna ini, kuna figo. Mama Pindo akashika kifua cha mwanawe papo hapo. Daktari akautoa mkono huo taratibu.

"Nimesema kila mahali pana wake. Wa sikio hawahamii mapafuni. Na hawaambukizi mtu, wala kwa hedifoni, wala kwa kikombe. Wewe una mafundi wabishi wa sikio, basi. Tutawatuliza."

Jioni hiyo baba alisimuliwa yote, nyusi zake safari hii zikiwa nyeupe. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja uso kama anaelewa.

"Zinaitwaje tena?"

"Fibroblasti, Baba."

"Fibro-plasta! Kumbe ni mafundi plasta! Ningejua. Hao nimefanya nao kazi miaka ishirini. Unamwambia ziba ufa, kesho unakuta ukuta una tumbo."

Kuwatuliza kulichukua muda. Kila mwezi sindano ndani ya kovu lenyewe, na sindano hiyo iliuma kidogo ya daktari, ambayo Kengele alisema inaishinda ya fundi kwa mbali. Mama yake alimshika mkono kila mara, na kila mara akatoka ameumizwa vidole kuliko mgonjwa. Baada ya sindano ya tatu yai likalainika. Baada ya ya tano likarudi harage. Wale wanawake wawili wa uvimbe Mama Pindo alikuwa ameshawafuata mwenyewe majumbani mwao, siku ya pili tu baada ya hospitali. Aliwaambia waende hospitali, na alipoulizwa "Si ulisema nije Jumamosi?" alijikaza akajibu: "Nilisema. Nilikuwa sijui ninachosema."

Kuhusu kazi, daktari aliandika barua ya mistari minne: kovu haliambukizi, na mhusika avae hedifoni sikio la kushoto. Msimamizi aliisoma mara mbili.

"Kushoto hutanisikia nikipita," alisema.

"Nikikaa meza ya mwisho, ya dirishani, utakuwa unapita kulia kwangu," alisema Kengele.

Msimamizi akageuka kuiangalia meza ya dirishani. Ilikuwa pale pale siku zote, na ilikuwa tupu. Inasemekana uso wake ulibadilika rangi, ila hakuomba radhi, watu wa namna yake radhi huwakwama. Alihamisha tu hedifoni kwa mkono wake mwenyewe, bila spiriti.

"Mama," alisema Kengele nyumbani siku hiyo, akicheka na kulia kwa pamoja, "miezi yote ile, ya uzi, ya kulala nimekaa. Ilikuwa ni kuhamia dirishani tu!"

Mama Pindo hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama kidogo pale kiberiti kilipozikwa, akarudi, akakaa kwenye cherehani. Majaribio yalipoisha Kengele alithibitishwa. Aliripoti habari hiyo kwa muda wa saa moja na nusu bila kituo, na hakuna aliyemkatiza.

Mwezi uliofuata mke wa mwana mkubwa wa Mama Pindo alikuja na mtoto mchanga, wa kike, wa siku arobaini na kitu. Alikuja pamoja na mama yake, bibi wa upande wa pili, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru, na kikaratasi chenye hereni mbili ndogo kama vichwa vya pini.

"Haya, bibi mwenzangu," alisema yule bibi, akijiweka sawa kwenye kiti. "Chemsha sindano. Tumekuletea kazi yako."

"Sitoboi," alisema Mama Pindo.

"Unaumwa macho?"

"Macho mazima. Sitoboi huyu. Ametoka kwetu."

"Kwenu kuna nini? Mtoto wa kike wa watu aende bila hereni, wamwite babu? Kama mkono wako umezeeka sema, nitampeleka kwa mwingine. Wanaotoboa wako kila kona."

Hapo ndipo Mama Pindo alipofanya kitu ambacho watu wa duka hilo wanakisimulia mpaka leo. Mchana kweupe, mlango wazi, wateja wawili wakisubiri suruali, alifungua vifungo vya gauni akatoa bega nje.

"Hili ni tobo la sindano ya chanjo," alisema. "Tobo moja. Tazama vizuri. Kengele, njoo."

Kengele akaja akapindua ndewe. Yule bibi akainama, akaangalia bega, akaangalia sikio, akamwangalia mjukuu aliyekuwa amelala mdomo wazi.

"Yeye anaweza kuwa ametoka kwenu nyinyi," alisema Mama Pindo, "mafundi wake wakawa wapole, wanakata uzi. Mimi sijui. Daktari naye hajui, hakuna mtu anayejua mpaka umewaita. Kwa hiyo sitawaita. Na ukimpeleka kwingine, nitakufuata huko na bega hili hili, nitalitoa njiani."

Bibi wa upande wa pili alifunga kile kikaratasi, akakitia mkobani. "Sasa nitawaambia nini watu?" aliuliza, sauti ikiwa imeshuka.

 Mama Pindo alikuwa ameshakata mduara mdogo wa kitambaa cheupe, laini, na vipande vya pembeni. Kofia ya mtoto mchanga. Miguu ikakanyaga, pindo likazunguka mara moja tu, akakata uzi. Akampa Bibi Vifungo pamoja na vifungo viwili vidogo vya kung'aa, rangi ya dhahabu.

"Kimoja huku, kimoja huku. Usawa wa masikio."

Bibi Vifungo akashona, akafunga fundo, akakata uzi, akaenda kunywa chai.

Mtoto alivalishwa. Aliamka, akageuza kichwa huku na huku, na vifungo vikamulika pande zote mbili. Kengele akaanza kumweleza mtoto huyo habari zote za kampuni ya maji toka mwanzo. Mzee Overloki, ambaye hakuna aliyemtuma, alikuwa ameokota kitambaa kilichobaki, akakipeleka kwenye mashine, na mashine ikaanza kunguruma.

Mama Pindo akainuka, akamgusa bega.